Pete Ndani ya Mtutu wa Kulia

Mzee alikuja na shotgani yake ndani ya mfuko wa ngozi: geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili iliyolala sambamba, bunduki ya kukunja ya zamani lakini ya heshima. Alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, maganda ya mtutu wa kulia hayatoki, mpaka ayasukume kwa ufito kutoka mdomoni. La pili, mtutu huohuo siku hizi unatawanya. Marisau, vile vipira vidogo vinavyotoka kwenye risasi, hayakai pamoja kwenye shabaha kama zamani. Kisha akaongeza, kabla sijauliza, kwamba bunduki ni safi.

"Nimeisafisha jana, fundi. Utaona mwenyewe."

Kweli niliona. Ilikuwa inameremeta kwa mafuta, ndani na nje, mpaka mbao ya kitako pale inapokutana na chuma imelowa na kuwa nyeusi. Hiyo peke yake ilinipa historia nusu: mafuta mengi, na bunduki inasimamishwa mdomo juu, basi kila tone linateremka kwenye mbao. Mbao iliyonywa mafuta miaka na miaka hulainika, na kitako huanza kucheza. Lakini hilo si lililomleta.

Niliikunja, nikatazama chemba zote mbili, yaani sehemu za nyuma ya mitutu zinapopakiwa risasi, kisha nikaingiza kidole kidogo katika kila moja. Kidole nakitumia kwa sababu jicho likishazoea kazi huona kile linachotegemea kuona. Risasi alizokuja nazo nilimwomba aziweke chumba kingine. Nikatoa kishikio cha mbele, nikatenga mitutu na kitako. Mitutu ikishatengwa inakuwa mabomba tu, na bomba waweza kulichungulia upande wowote. Bunduki iliyounganishwa haichunguliwi kwa mdomoni hata siku moja, hata kama umeifungua mwenyewe dakika moja iliyopita.

Nilipochungulia mara ya kwanza sikuona kitu cha maana. Mafuta ni mdanganyifu mkubwa katika kazi hii. Utando wake hujaza vishimo, huakisi mwanga sawasawa, na mtutu mbovu huonekana kama kioo. Mzee hakuwa amesafisha. Alikuwa amepaka mafuta juu ya uchafu, na hilo wenye shotgani wengi hufanya kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo nilianza kwa kukausha. Ukurasa wa gazeti niliukunjakunja ukawa donge linalobana, nikausukuma kutoka chemba kuelekea mdomoni. Njia ya kizamani, na bado sijaona iliyo bora kwa hatua ya kwanza: donge moja huondoka na mafuta na masizi ambayo yangechafua vitambaa kumi. La kushoto lilitoka na rangi ya kijivu. La kulia lilitoka jeusi ti, na kwenye ncha yake vilining'inia vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, vya rangi ya maziwa.

Hiyo ni plastiki. Risasi ya shotgani ya kisasa hubeba marisau ndani ya kikombe cha plastiki, na kikombe hicho hukwaruza ukuta wa mtutu kwa kasi ya mita 400 hivi kwa sekunde kikiwa na moto wa baruti mgongoni. Kila risasi huacha ukoko mwembamba. Hupenda kukaa sehemu mbili: shingoni, pale chemba inapokonda kuwa mtutu, na kwenye choki, ule mkazo wa karibu na mdomo unaokusanya marisau. Plastiki haiogopi mafuta. Unaweza kuipaka mafuta mwaka mzima ikabaki palepale, na chini yake unyevu ukapata mahali pa kulala.

Nilipitisha brashi ya shaba ikiwa kavu mara chache, kuvunja ukoko, kisha nikapaka dawa ya kuyeyushia uchafu na kuiacha robo saa. Mwanafunzi wangu alitaka kuanza kusugua papo hapo. Dawa hufanya kazi ikiwa imetulia. Ukiikimbilia unasugua kwa nguvu zako mwenyewe. Tulisugua baadaye, kutoka chemba kwenda mdomoni, brashi ikitoka yote upande wa pili kabla ya kuirudisha, maana ukigeuza katikati nyuzi za shaba hupinda na hatimaye kukatika. Brashi ya chuma cha pua sitaki kuiona karibu na mtutu. Glavu tulivaa, kwa sababu masizi ya bunduki yana risasi ndani yake.

Hapa lugha yetu inatutega kidogo, kwani risasi ni kile unachopakia na risasi pia ni madini mazito yanayofanya marisau. Hii ya pili ndiyo sumu. Inaingia mwilini kwa mikono isiyonawa na kwa vumbi la brashi inayotoka mdomoni mwa mtutu kwa kishindo kidogo. Mzee alikuwa akisafisha mezani pa chakula. Nilimwambia hilo kwa upole, akanyamaza.

Mtutu wa kushoto ulikubali upesi. Kitambaa cha nne kilitoka cheupe. Nilipouelekeza dirishani, mwanga ulijipanga ndani yake kwa pete za duara, moja ndani ya nyingine, zikipungua kuelekea mdomoni bila kukatika. Ndivyo mtutu mzima unavyoonekana.

Wa kulia ulitoa mambo matatu, na matatu hayo hayakutokana na sababu moja. Nilipoteza karibu saa nzima kabla ya kulielewa hilo.

La kwanza lilikuwa chemba. Baada ya dawa na brashi, palibaki madoadoa ya kahawia upande wa chini. Nilizungusha kijiti chenye pamba na kuusikiliza mkono: pamba ilikuwa inanasa, nyuzi zikibaki. Uchafu ukisuguliwa huondoka na pamba huteleza. Kutu ikishakula chuma hubaki kishimo, na kishimo hukamata pamba. Basi malalamiko ya kwanza ya mzee yakawa yamejieleza. Risasi ikipigwa, ganda hutanuka na kujibana na ukuta wa chemba, kisha hunywea kidogo ndipo litoke. Ukuta ukiwa na vishimo, plastiki ya ganda huingia humo na kung'ang'ania. Mfuko wa ngozi ndio nilioulaumu. Ngozi hunywa unyevu na kuutunza, na bunduki iliyofungwa humo kwa miezi ni kama imefungwa kitambaa kibichi. Vishimo vilikuwa vidogo. Fundi mwenye zana za kuipigia chemba msasa mwembamba angevipunguza. Mafuta aliyokuwa akiyaacha humo hayakusaidia, tena yana hatari yake: chemba ikiwa na mafuta, ganda halishiki ukutani, na msukumo wote hurudi nyuma kwenye kifungio cha bunduki. Kabla ya kupiga, chemba ifutwe ikauke.

La pili lilikuwa michirizi ya kijivu yenye kung'aa, mirefu, imelala kufuata mtutu kuanzia shingoni. Hiyo ni risasi ya madini iliyojipaka ukutani. Tulifunga nyuzi laini za shaba kwenye brashi kuukuu, tukapita nayo, na vitambaa vikatoka na chengachenga za fedha. Ilikwisha. Plastiki ya kwenye choki nayo ilikwisha kwa duru ya pili ya dawa. Nikadhani hapo ndipo penye jibu la malalamiko ya pili, ya kutawanya, kwa maana choki iliyojaa ukoko hubadili jinsi marisau yanavyotoka.

Kisha ikaja pete.

Ilikuwa kama sentimita 25 kutoka mdomoni, duara jeusi jembamba lililozunguka mtutu wote. Niliiona tangu donge la pili la gazeti na nikaipa jina mara moja: uchafu. Ilikuwa na rangi ya masizi, upana kama wa pete ya chanda, na ilikaa katikati ya mtutu uliokuwa mchafu kila mahali. Nilisugua. Nikaweka dawa, nikangoja, nikasugua. Nikafunga nyuzi za shaba upya. Vitambaa vilitoka vyeupe na pete ikabaki. Fundi mwenye haraka ya kumridhisha mteja huendelea kusugua hata pale kitambaa kimeshamwambia ukweli. Nami niliendelea.

Mwanafunzi ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameshika mitutu akichungulia kwa zamu yake, akaigeuza kidogo kuelekea upande wa pili wa dirisha.

"Fundi, mbona inahama?"

Nikachukua. Kweli, upande mweusi wa pete ulihama. Ukichungulia kutoka chemba, weusi ulikuwa mbele na mstari mweupe nyuma yake. Ukichungulia kutoka mdomoni, mambo yaligeuka. Ukiinamisha mitutu, weusi ulizunguka kufuata mwanga. Doa la uchafu halifanyi hivyo. Doa likiwa jeusi ni jeusi kutoka kila upande. Kinachohama ni kivuli, na kivuli hutaka umbo: bonde, mlima, au ukuta uliotanuka.

Tulikuwa tukitumia kurunzi muda wote huo, na hilo lilichangia kosa langu. Kurunzi ndani ya mtutu hutoa mwanga mkali unaotapakaa na kufuta vivuli vidogo. Kwa kukagua umbo, dirisha ni bora. Unaelekeza mtutu kwenye ukingo wa juu wa fremu, pale mwanga unapokutana na giza, na ukingo huo unajichora ndani ya mtutu kama mstari mrefu ulionyooka. Unausogeza mstari taratibu huku ukizungusha mtutu. Mtutu ukiwa umebonyea mahali, mstari hujipinda hapo tu, upande mmoja, kama mshale. Ukiwa umetanuka duara zima, mstari hukatika kila unapozungusha, sehemu ileile. Wetu ulikatika kila mara.

Nilifumba macho nikapitisha kidole gumba na cha shahada upande wa nje, polepole, kutoka mdomoni kurudi nyuma. Mara mbili nilipita bila kitu. Ya tatu, vidole viliinuka kidogo mno na kushuka. Uvimbe.

Kipimo cha ndani kilithibitisha. Kwenye ubapa wa chini ya mitutu, kati ya alama za ukaguzi, ulichorwa upana wa 18.4, yaani milimita. Mtutu wa kulia ulisoma 18.42 karibu kote. Kwenye pete ulisoma 18.71. Unene wa karatasi chache tu, na ndiyo tofauti kati ya bunduki na kitu cha kuogopwa. Alama hizo si mapambo. Uingereza, kwa mfano, ina nyumba ya kukagua mitutu huko Birmingham tangu 1813, na sheria yake ya 1868 inakataza kuuza bunduki ambayo mtutu wake haukidhi tena ukaguzi.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha sikio. Nilitundika mitutu kwa kamba kupitia ndoano yake ya chini, nikaigonga kwa ukucha. Mitutu miwili iliyoungwa vizuri kwa mbavu zake hulia kama kengele na sauti hukawia. Hii ililia kama sufuria yenye maji. Ubavu unaounganisha mitutu ulikuwa umeachia mahali, na sikuhitaji kubahatisha ni wapi.

Sasa nikakaa na mzee. Nilijua nini kimetokea. Nilitaka kujua lini. Nilimuuliza kama aliwahi kupiga risasi iliyolia vibaya. Alifikiri.

"Kulikuwa na moja iliyofanya *pu*. Kama kikohozi. Haikunisukuma bega kabisa."

"Ukafanya nini, mzee?"

"Nikatoa ganda, nikaweka nyingine. Si ilikuwa mbovu tu?"

Basi kisa kizima kikawa pale. Risasi inayokohoa ni risasi ambayo baruti yake haikuwaka yote, labda kwa unyevu, na nguvu iliyopatikana haikutosha kusukuma kila kitu nje. Marisau huenda yalitoka, au yalidondoka mdomoni. Kikombe cha plastiki kilibaki njiani, sentimita 25 kabla ya mdomo. Risasi iliyofuata ilikuwa nzima, na ilikikuta.

Watu huniuliza kikombe cha plastiki, chepesi kiasi hicho, kinawezaje kutanua chuma. Mtutu wa shotgani si mnene kote. Kwenye chemba umejengwa kuhimili presha kubwa; risasi ya kawaida ya geji 12 inaruhusiwa kufikia bar 740 kwa kanuni za kimataifa za ukaguzi. Lakini presha hiyo hushuka haraka kadiri mzigo unavyokimbia, ndiyo maana mtengenezaji hupunguza unene kuelekea mdomoni ili bunduki isiwe nzito mbele. Sehemu ile nyembamba haikuumbwa kupokea mshtuko. Mzigo wa marisau unapokuja kwa kasi kamili na kukuta kizuizi, sehemu ya mbele hupunguza mwendo ghafla na ya nyuma hailijui hilo. Marisau hujibana na kusukuma pembeni, gesi hurundikana nyuma yake, na kwa muda mfupi kupita kufumba jicho presha hupanda mahali pamoja. Chuma hunyooka na hakirudi. Pete hukaa pale kizuizi kilipokaa. Tope mdomoni, theluji, kitambaa kilichosahaulika, hata mdudu aliyejenga kiota, vyote hufanya kazi hiyohiyo.

Uvimbe ungekuwa mbele tu ya chemba, ningemuuliza swali jingine kabisa: kama nyumbani kuna bunduki ya geji 20. Risasi ya geji 20 ni nyembamba. Ikitumbukizwa kwenye geji 12 huteleza na kukwama shingoni, mbele ya chemba. Anayetazama haraka huona chemba tupu, huweka ya geji 12 nyuma yake. Hapo hakuna pete. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa kushoto. Ndiyo sababu watengenezaji walizoea kuzipa za geji 20 ganda la manjano.

Mzee aliuliza maswali matatu, na nitayaeleza kama alivyoyauliza kwa sababu kila mtu huuliza hayohayo.

Je, hauwezi kupigwa nyundo ukarudi? Wapo mafundi wa mitutu wanaoweza kuushusha uvimbe mdogo kwa kuingiza fito laini iliyochongwa kwa kipimo na kugonga nje kidogo kidogo. Jicho litaridhika. Lakini chuma kilichokwisha kunyooka kimekonda, na hapa kilishakonda kwa muundo wake. Mimi si fundi wa aina hiyo na nilimwambia hivyo. Hata akipatikana, mitutu ingepaswa kurudi kwenye ukaguzi wa presha kabla ya kuwekwa begani.

Je, haukatwi? Ukikata nyuma ya pete unapunguza zaidi ya sentimita 25 za mitutu yote miwili, choki zote mbili zinaondoka nazo, na nchi nyingi zina urefu wa chini unaoruhusiwa kisheria. Hiyo si tena bunduki aliyoileta.

Je, asipige na mtutu wa kushoto tu? Hili ndilo lililonitia wasiwasi, kwa kuwa linasikika la busara. Ubavu umeachia, mitutu haiko tena kitu kimoja, na kidole hakikumbuki ahadi. Siku ndege wakiruka wawili kitavuta triga zote mbili. Nilikataa. Sikukataa kwa ukali, ila sikuacha mlango wazi.

Kuhusu ule utawanyaji aliolalamikia, sina jibu moja. Plastiki kwenye choki ilitosha kuuleta. Pete nayo yaweza kuvuruga mzigo unapopita. Kwa kuwa sitaupiga mtutu huo kujaribu, swali litabaki hivyo.

Alileta siku iliyofuata boksi la risasi zilizobaki. Vitako vya shaba vilikuwa na ukungu wa kijani, na mbili zilikuwa na mdomo uliovimba na kufunguka kama ua. Zilikaa na bunduki katika mfuko uleule wa ngozi. Tulizitenga zote, hata zilizoonekana nzima, zikabidhiwe kwa njia inayoruhusiwa. Chemba ilikuwa na alama ya 70, yaani urefu wa milimita, na risasi nazo ziliandikwa 70, kwa hiyo urefu haukuwa tatizo, ila niliangalia, maana bunduki za umri huo nyingi ni za 65, na ganda refu likifunguka humo hubana shingo.

Mitutu niliifunga kibandiko chenye maandishi makubwa, USIPIGE, na vipimo viwili vilivyoandikwa chini yake, kisha nikaipaka utando mwembamba wa mafuta kwa kitambaa, mwembamba kiasi cha kutouona. Alikuwa bado hajaamua kama atatafuta mitutu mingine ya kuoanisha na kitako au ataiweka kumbukumbu. Kabla ya kuondoka aliomba aushike mtutu wa kulia. Nikamwelekeza kidole gumba mahali pale. Alipita, akarudi, akapita tena.

"Sioni kitu," akasema.

"Fumba macho, mzee."

Akafumba.